Kitambaa Kwanza, Flashi Baadaye

Picha ya mitindo ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni nguo. Hata kama mwanamitindo ana sura inayovuta macho, na hata kama nyuma yake kuna ukuta wa mawe ya matumbawe wa Mji Mkongwe au ufuo maji yakiwa yamejaa, mbunifu aliyekesha na cherehani atakapoletewa picha zake atatazama kwanza iwapo mishono inaonekana, iwapo kitambaa kimeanguka mwilini kama alivyokusudia, na iwapo rangi aliyoihangaikia katika maduka ya Kariakoo ndiyo rangi anayoiona kwenye simu. Ndiyo maana mimi huanza kupanga flashi kwa kukishika kitambaa kabla sijagusa kamera. Nakipeleka dirishani, nakikunja, nakizungusha polepole, nikitazama ni kwa pembe gani kinang'aa, ni kwa pembe gani kinameza mwanga, na kama nyuzi zake zinajitokeza au zimelala. Msimamo wangu, baada ya kuifanya kazi hii kwa muda mrefu, ni kwamba mahali pa flashi na upana wake huamuliwa kabla ya nguvu yake, na kwamba wanaoamua ni kitambaa na ngozi, si mazoea ya mpiga picha.

Nianze na upana, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanaoanza kutumia flashi hupotelea. Kioo cha flashi ndogo ipachikwayo juu ya kamera kina upana wa sentimita chache tu, na mwanga unaotoka mahali padogo kiasi hicho huchora kivuli chenye ukingo uliokatika. Mwanga huohuo ukipitishwa kwenye mwamvuli mweupe au kwenye softboksi (sanduku la kitambaa cheupe linalotawanya mwanga) ya sentimita 120, humfikia mwanamitindo kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, hivyo kingo za kivuli hufifia na mikunjo ya nguo huingia gizani taratibu badala ya kutumbukia. Hata hivyo, upana huo si sifa ya kudumu ya kifaa, bali ni uhusiano kati ya kifaa na umbali wake. Softboksi iliyokuwa chanzo kipana ikiwa mita moja kutoka usoni, ikirudishwa nyuma mita sita inakuwa chanzo kidogo, na vivuli vyake vinarudi kuwa vikali. Anayesema kwamba softboksi hulainisha mwanga, asitaje umbali, amesema nusu ya jambo.

Sasa vitambaa vyenyewe. Kanga ni pamba isiyong'aa, nayo hupokea mwanga kwa upole kutoka karibu kila upande. Ugumu wake uko kwenye maandishi na mikunjo. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na mpiga picha akiacha jina lizame katika kivuli cha mkunjo amemnyima mtazamaji maneno ambayo mvaaji aliyachagua kwa makusudi. Kwa vazi la kanga mimi huweka softboksi pana si mbali na mstari wa kamera, nyuzi 30 hivi upande na juu kidogo ya kichwa cha mwanamitindo, kisha nasimamisha ubao mweupe upande wa pili ili urudishe mwanga ndani ya mikunjo. Hapo herufi husomeka na nguo bado ina umbo.

Kitenge kipya ambacho hakijafuliwa ni jambo tofauti. Kina ugumu na mng'ao wa dukani, na mng'ao hufuata sheria ya kioo: mwanga hutoka kwa pembe ileile ulioingilia. Flashi ikikaa karibu na kamera, sehemu za kifua na paja zinazoitazama kamera moja kwa moja hurudisha mwanga huo ndani ya lenzi, na rangi hupauka. Nyekundu huelekea waridi, bluu nzito huwa kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima. Wengi wakiona hivyo hupunguza nguvu ya flashi, na picha nzima huwa na giza huku mng'ao ukiwa palepale. Dawa yake ni kusogeza taa upande, nyuzi 45 au hata 60, mpaka mng'ao uangukie mahali ambapo kamera haipo. Rangi hurejea zenyewe bila kugusa kitufe cha nguvu.

Buibui na abaya vinadai kinyume cha hayo. Kitambaa cheusi hakina rangi ya kurudisha, kwa hiyo kinachoonyesha umbo lake ni ule mng'ao ambao kwenye kitenge tuliukimbia. Ukiongeza nguvu ya taa ya mbele, buibui hubaki doa moja jeusi huku uso na viganja vikiungua. Taa pana ikipelekwa ubavuni na kidogo nyuma ya mvaaji, kila mkunjo hurudisha sehemu ya taa hiyo kama maji ya bwawa yanavyorudisha anga, na ghafla unaona mkono ulipokatwa, tarizi ilipopita, na namna kitambaa kilivyoshuka kutoka begani. Mimi hutumia softboksi mbili nyembamba na ndefu, moja kila upande, zote zikiwa nyuma kidogo ya mvaaji, halafu taa ya mbele naiacha dhaifu kabisa, ya kutosha uso tu. Huu ndio mpangilio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unalipa hadhi vazi ambalo mara nyingi hupigwa picha kana kwamba halina ushonaji.

Mahameli humeza mwanga wa mbele na huhitaji taa inayopita ikikwaruza juu ya vinyweleo vyake. Lesi huhitaji mwanga kidogo kutoka nyuma ili matundu yake yasomeke kama matundu. Gauni lenye shanga na vipande vya kumetameta ndilo linalowashangaza wengi, kwa kuwa softboksi kubwa, ambayo tumefundishwa kuiheshimu, hulifanya gauni hilo lipoe: kila kipande hurudisha sehemu ya uso mpana uleule, na kumeta kunageuka kuwa wingu la kijivu. Flashi ndogo isiyofunikwa, ikiwekwa juu na mbali, huleta nukta kali zinazohama kila mvaaji anapojigeuza. Kwa hiyo gauni la namna hiyo hulipiga kwa taa mbili za tabia tofauti, pana kwa ajili ya uso na ndogo kwa ajili ya shanga, na ile ndogo huizuia kwa gridi, wavu wa matundu unaoubana mwanga, ili isipande shingoni.

Ngozi nyeusi iko karibu na kanuni ya kitambaa cheusi kuliko ya kanga, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa makini kwa sababu historia yake si nzuri. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoonyesha mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ni katika miaka ya 1990 ndipo ilipotolewa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi. Kamera za leo hazina kadi hiyo, lakini mfumo wake wa kujipimia, ule ulioandikwa TTL kwenye flashi, bado hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mwelekeze mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa buibui, na flashi itamwaga mwanga kupita kiasi ikijaribu kumfanya awe wa kijivu. Mwelekeze bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, na itajizuia mpaka kanzu ionekane kama haijafuliwa. Wasimame pamoja katika picha moja, na kila hatua ya mmoja kulia au kushoto itabadilisha kipimo. Kwa kazi ya mitindo naweka nguvu kwa mkono, napima mwanga unaofika usoni kwa kipimamwanga cha mkononi, na baada ya hapo nguo ibadilike rangi itakavyo, mwanga haubadiliki.

Ngozi hiyo haihitaji kuongezewa mwanga mpaka iwe nyepesi kuliko ilivyo, na nasema hivi kwa uzito, kwa maana bado napokea maombi ya kumng'arisha mwanamitindo wakati wa kuhariri, nami siyakubali. Inachohitaji ni chanzo kipana kilichowekwa pembeni, ili mng'ao wake uwe mrefu na wa upole kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na bega, badala ya doa dogo jeupe linalofanana na jasho. Katika unyevu wa Dar es Salaam jasho lenyewe halikosekani, hivyo poda isiyong'aa na kitambaa safi cha kufutia hukaa ndani ya mkoba wangu pamoja na betri. Taa ya nyuma inayomtenga mwanamitindo na giza la ukuta nayo ina kanuni yake. Mwanga unaopita juu ya ngozi kwa pembe ya kukwaruza hurudi kwa nguvu kubwa, kwa hiyo taa ya nyuma naianzisha nusu stopu chini ya taa ya mbele, si juu yake. Na stopu moja, kwa asiyeizoea hesabu hii, ni kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza kwa nusu.

Picha za mitindo hupigwa kutoka kichwani hadi miguuni, na hapo sheria ya umbali huanza kudai haki yake. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili unabaki na robo. Chukua flashi iliyo juu ya stendi, urefu wa mita 2.4, ikiwa mita moja mbele ya mwanamitindo. Kutoka kwenye taa hadi usoni ni kama mita 1.3, na hadi miguuni ni mita 2.6. Uso unapata mara nne ya mwanga unaofika miguuni, yaani tofauti ya stopu mbili, na pindo la gauni ambalo fundi alilitarizi kwa wiki nzima linaishia gizani. Irudishe stendi ileile nyuma mpaka iwe mita tatu kutoka kwa mwanamitindo, na umbali unakuwa mita 3.1 kwa uso na 3.8 kwa miguu. Tofauti imeshuka hadi kati ya nusu stopu na stopu moja, na jicho haliisumbukii. Gharama yake ni nguvu, kwa kuwa taa hiyo sasa inahitaji kutoa karibu mara sita ya mwanga iliyoutoa mwanzo, na pia upana, kwa kuwa softboksi imekuwa ndogo machoni pa nguo. Pasipokuwa na nafasi ya kurudi nyuma, na vyumba vingi tunavyoviita studio havina nafasi hiyo, naigeuza softboksi ili kitovu chake kielekee magotini na ukingo wake tu uguse uso. Uso unapata sehemu dhaifu ya mwanga, miguu inapata sehemu kali, na tofauti inapungua bila kuongeza taa ya pili.

Nje ya studio mpinzani wa flashi ni jua, na jua la Ikweta si la kubembelezwa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena katika nusu ya kwanza ya Oktoba jua la mchana husimama utosini hasa. Kwa miezi mingi ya mwaka, saa sita mchana macho ya mwanamitindo huwa mashimo meusi, pua huangusha kivuli juu ya mdomo, na mabega ya nguo huungua huku kiuno kikipotea. Ushauri wa kwanza ninaompa kila anayeniuliza hauhusu flashi kabisa: mtoe mwanamitindo juani, mweke kwenye kivuli cha ukuta au cha mwembe, ambako mwanga umeshuka stopu tatu au nne, na flashi ndogo itatosha kumpa umbo.

Mbunifu akitaka bahari na anga nyuma, hesabu hubadilika. Chini ya jua lisilo na wingu, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi linahitaji kuwa karibu f/11; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Nikitaka anga liwe na bluu nzito, nashuka stopu moja hadi f/16, na sasa flashi yangu inapaswa kumwangazia mwanamitindo kwa f/16 peke yake. Flashi ndogo yenye namba ya mwongozo 36 kwa mita (namba ya nguvu yake, ambayo ukiigawa kwa namba ya f unapata umbali) inafikisha f/16 kwenye umbali wa mita 2.25, ikiwa haijafunikwa na chochote na nguvu yake yote imewashwa. Ukiivalisha softboksi inayokula stopu mbili, lazima isogee hadi mita 1.1, na kwa umbali huo huwezi kuangaza gauni refu, wala kuificha taa isionekane kwenye picha. Hapo ndipo flashi ya betri yenye nguvu kubwa, ya juli 400 au 600, inapokuwa hitaji la kazi. Wanaoanza wakipata fedha hukimbilia lenzi. Ningewashauri wapiga picha wa mavazi wa pwani wafikirie kwanza taa ya namna hiyo.

Kuna wanaouliza kwa nini wasiongeze kasi ya shata tu. Kamera nyingi zina mapazia mawili mbele ya kihisi, yaani sehemu inayopokea picha, na juu ya kasi ya 1/200 au 1/250 pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, hivyo mwako mmoja mfupi wa flashi huangaza sehemu tu ya picha na sehemu nyingine hubaki na mkanda mweusi. Flashi za kisasa hulikwepa tatizo hilo kwa kupigapiga mwanga mfululizo wakati mwanya wa shata unapita, na njia hiyo inaturuhusu kutumia 1/2000 na tundu pana la f/2.8 mchana, lakini hugharimu stopu mbili au zaidi za nguvu. Mbadala ni kuvalisha lenzi kioo cheusi kinachopunguza mwanga. Kioo cha stopu tatu hutoa f/16 na kuipeleka f/5.6, mandhari inalainika, na flashi hubaki katika mwako wake wa kawaida. Ila uwiano kati ya jua na flashi haubadiliki hata kidogo, kwa sababu kioo kinavipunguza vyote viwili kwa pamoja. Kamera zenye shata ndani ya lenzi, kama zile za Hasselblad, hazina mapazia hayo na hukubali flashi kwa kasi kubwa zaidi. Kwenye 1/800 jua limepungua stopu mbili likilinganishwa na 1/200 huku flashi ikibaki na nguvu ileile. Bei yake ndiyo inayotuzuia wengi.

Wakati ninaoupenda zaidi ni saa kumi alasiri, jua likiwa limeshuka na mwanamitindo amelipa mgongo. Jua linachora ukingo wa dhahabu kwenye mtandio na nywele, na flashi kutoka mbele, upande ule ambako uso umeelekezwa, inaijaza nguo. Upepo wa kusi ukivuma ufukweni softboksi hugeuka tanga, na mfuko wa mchanga kwenye stendi hautoshi. Namwomba msaidizi aishike nguzo kwa mikono miwili, na upepo ukizidi naiondoa softboksi, naweka bakuli la chuma lenye upana wa sentimita 55 ambalo halishiki upepo kiasi hicho na hutoa mwanga wenye makali ya wastani. Kwa kitenge cha rangi nyingi bakuli hilo mara nyingi hunipendeza kuliko softboksi yenyewe.

Flashi ina uwezo mwingine ambao taa za kuwaka muda wote hazina, nao ni kusimamisha mwendo. Mapema miaka ya 1930 Harold Edgerton wa chuo cha MIT nchini Marekani aliendeleza flashi ya umeme ya kupigapiga kwa ajili ya kuchunguza mitambo inayozunguka, na mpiga picha Gjon Mili akaichukua teknolojia hiyo na kuwapiga picha wachezaji wa dansi na wanamichezo. Katika studio za mitindo mpiga picha Richard Avedon aliwaacha wanamitindo waruke na kucheza mbele ya karatasi nyeupe, kama alivyofanya na mwanamitindo Veruschka huko New York mwaka 1967, na nguo ikabaki hewani ikiwa na kila mkunjo wake. Siri iko katika muda wa mwako, ambao si sawa na kasi ya shata. Flashi ndogo ikipunguzwa hadi 1/16 ya nguvu yake, mwako wake hudumu sehemu moja tu ya maelfu kadhaa ya sekunde, mfupi wa kutosha kulikamata shuka la kitenge linalozungushwa. Flashi kubwa ya studio ikiwashwa kwa nguvu zote mwako wake unaweza kuwa mrefu kiasi cha kuacha ncha za mtandio zikiwa na ukungu. Kwa hiyo, ninapotaka nguo irukeruke, napendelea flashi mbili au tatu ndogo zenye nguvu kidogo badala ya moja kubwa, na chumba nakitia giza ili mwanga wa dirishani usiandike mwendo wa pili.

Yote niliyosema hadi hapa yanahusu mwanga unaotoka pembeni, lakini flashi ya mbele, ile iliyo juu ya lenzi kabisa, ina nafasi yake ya heshima. Mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako, Mali, alikuwa akienda kwenye sherehe za vijana katika miaka ya 1960 na kuwapiga kwa flashi ya moja kwa moja, na picha hizo ni kumbukumbu kubwa ya mavazi: suruali zilizopanuka chini, mashati yaliyobana, viatu vilivyong'arishwa, magauni mafupi ya wasichana, vyote vikiwa wazi hadi uzi wa mwisho. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya upigaji picha ya Hasselblad, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Huko Ufaransa mpiga picha Guy Bourdin alitumia flashi kali na rangi nzito katika matangazo ya viatu vya Charles Jourdan, na baadaye mpiga picha Mjerumani Juergen Teller akaifanya flashi iliyo kwenye kamera ndogo kuwa sehemu ya lugha yake. Flashi ya duara inayoizunguka lenzi ilibuniwa na Lester Dine mwaka 1952 kwa ajili ya kupiga picha za meno. Wapiga picha wa mitindo waliichukua kwa sababu kivuli chake hujificha nyuma ya mwili na kubaki kama mstari mwembamba ukutani. Mwanga wa namna hii hauna subira na kitenge kipya, kwa sababu niliyoitaja, lakini kwa kanga, jinzi na pamba nzito hutoa picha yenye uwazi na ujasiri ambao softboksi haina. Mwanamitindo akisimama hatua moja tu mbele ya ukuta, kivuli chake kinakuwa sehemu ya vazi.

Usiku mpangilio hugeuka tena, kwa sababu sasa taa za mtaani ndizo dhaifu. Balbu za njano za vibanda vya chakula zina rangi ya karibu kelvini 2700 hadi 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ndogo ni mwanga wa njano, kubwa ni wa buluu), na flashi ina kama 5500, kwa hiyo ukizichanganya bila kujali, nguo huwa ya buluu na mtaa huwa wa machungwa. Karatasi ya plastiki ya rangi ya machungwa mbele ya flashi huishusha hadi karibu 3200, kisha kamera inawekwa kwenye kipimo hichohicho na mtaa wote unakubaliana na vazi. Shata ikiachwa wazi kwa 1/8 ya sekunde, kwa ISO 800 na f/4, taa za mtaa hupata muda wa kuingia, na flashi ikiamriwa iwake mwishoni mwa muda huo, mwendo wa mtandio huonekana ukifuata nyuma ya mvaaji badala ya kumtangulia. Muda wa shata unatawala mtaa, nguvu ya flashi inatawala nguo, na hivyo viwili vinaweza kurekebishwa kila kimoja peke yake.

Limebaki suala la rangi ya kitambaa cheupe, ambalo husumbua hasa picha za kanzu na magauni ya harusi. Vitambaa vingi vyeupe vya kiwandani, pamoja na sabuni za unga tunazofulia, vina kemikali zinazopokea mwanga wa urujuani usioonekana na kuutoa tena ukiwa wa buluu, ili nguo ionekane nyeupe zaidi. Bomba la flashi lisilo na kinga hutoa kiasi kikubwa cha mwanga huo, na kanzu inakuwa na buluu ambayo uso wa mvaaji hauna, hivyo ukiisahihisha kanzu kwenye kompyuta unaiharibu ngozi. Bomba lenye kinga ya rangi ya dhahabu hafifu huuzuia mwanga huo, na kitambaa cha softboksi nacho hupunguza sehemu yake. Baada ya hapo nampa mvaaji kadi ya kijivu aishike kifuani kwa picha moja, na rangi za mfululizo mzima nazipima kutokana na kadi hiyo. Picha ya kadi naipiga upya kila ninapobadilisha softboksi, kwa kuwa kitambaa cheupe cha softboksi nacho hugeuka manjano kidogo kidogo kadiri kinavyozeeka, na softboksi mbili zilizonunuliwa miaka tofauti hazitoi rangi moja.